Salamu Kutoka Ng'ambo ya Mfereji

Kabula, mayu, binti yangu,

Mama yako amekutuma kwa shangazi yako ukamuage, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke kabla ya chai ya pili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye kigoda nje ya zizi, daftari liko gotini, na yule ndama mwenye baka jeupe usoni ananilamba kiwiko kama anayetaka kusoma ninachoandika. Ni saa kumi jioni. Kesho saa moja asubuhi tunatakiwa tuwe barabara kuu tunangoja basi la Iringa, na mtu akiniona leo atadhani mimi ndiye ninayekwenda chuo.

Tangu asubuhi sikai. Pikipiki nimeiosha mara mbili. Mara ya pili mama yako alinikuta na ndoo akauliza, "Baba Kabula, hiyo pikipiki nayo imechaguliwa chuo?" Nikamwambia ndiyo, imechaguliwa kumbeba msomi. Akaniacha na sabuni yangu, lakini nilimwona anacheka hadi jikoni.

Ya blanketi, ya kufunga mlango wa chumba ulichopangishiwa kule Mlandege, ya baridi ya Iringa na ya kumtembelea bibi yako Igowole sikukuu zikifika, hayo yote mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena kupitia dirisha la basi. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu na linanihusu mimi. Nikikuacha uondoke hulijui, nitakuwa nimekupakia uongo juu ya begi jipya.

Na hilo begi acha kwanza nikuambie, maana sijakusimulia. Wiki iliyopita nilipopeleka mchele Uyole, nilimaliza shughuli mapema nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza mabegi.

"La nani, mzee?" akaniuliza.

"La binti yangu. Anaenda chuo kikuu, Iringa."

"Hongera sana mzee. Anasomea nini?"

Nikavuta pumzi, maana nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuyatamka njia nzima, hadi kondakta akanitazama. Nikasema, "Saikolojia na sosholojia. Kwa pamoja."

"Ndo ile ya kusoma mawazo ya watu?"

"Ya mtu mmoja mmoja, na ya watu wengi."

"Basi usimlete hapa kwangu mzee, atajua bei yangu ya kweli!"

Nilicheka mpaka machozi, na nikanunua begi bila kuomba apunguze. Usimwambie mama yako. Njia ya kurudi nilimweleza masomo yako jirani yangu wa kushoto kwenye gari, na aliposhuka nikamweleza aliyekuja kukaa mahali pake. Huyo wa pili alilala, lakini nilimaliza.

Nani angeamini kwamba ni mtu yuleyule aliyenuna siku nne uliponiambia unataka kusoma nini? Nilitaka usomee mifugo, uje uwachome sindano ng'ombe wangu. Nilidhani unatupa bahati yako kwenye masomo ya kuongea tu. Siku nne sikukujibu salamu, mayu, na kila asubuhi ulikuja ukanisalimia, "Mwangaluka, baba," kama vile hakuna kitu. Siku ya tano ukanifuata hapahapa zizini.

"Baba, ng'ombe mmoja akiacha kula unafanya nini?"

Nikajibu kwa sababu lilikuwa swali la ng'ombe. "Namwangalia. Macho, ulimi, kwato, kinyesi."

"Na kundi zima likigoma kuingia zizini?"

"Hapo siangalii ng'ombe, naangalia zizi. Labda kuna nyoka. Labda fisi alipita usiku."

"Basi hayo ndiyo masomo yangu mawili, baba. Wewe umeshayasoma yote, ila kwa ng'ombe."

Nilijifanya naenda kuangalia ndama, lakini nilikwenda kucheka peke yangu nyuma ya zizi kwa jinsi nilivyokuwa nimepigwa chenga na mtoto wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimelisimulia hilo la zizi kwa kila mtu, na wengine wameanza kunikwepa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unaona nazunguka.

Jumapili, kwenye chakula tulichokuandalia, ulisimama mbele ya watu wote ukaulizwa kwa nini umechagua masomo hayo. Ukasema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Nilipokuwa mdogo, watu walimtenga baba Maduhu, na baba yangu peke yake alisimama akamtetea mpaka akarudishwa. Siku ile nilitaka kujua watu wanafikiaje kumfanyia mtu hivyo, na inakuwaje mtu mmoja anathubutu kusema hapana." Watu wakapiga makofi. Shangazi yako akapiga vigelegele. Baba Maduhu alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, na alikuwa akitazama sahani yake.

Mimi nilipaliwa na wali hadi machozi yakanitoka. Mama yako alidhani nalia kwa furaha akanipa maji.

Kabula, ni kweli nilisimama kumtetea. Ila mtu wa kwanza kutaka Maduhu atengwe nilikuwa mimi. Si kwamba nilikuwamo kikaoni nikafuata wenzangu. Mimi ndiye niliyelileta jambo lile, na mimi ndiye niliyeliandika.

Nitakueleza lilivyokuwa, nawe ulipime mwenyewe.

Nilikuja huku Usangu nikiwa na miaka tisa, nikitembea nyuma ya ng'ombe wa babu yako kutoka Usukuma. Maduhu alikuwa kwenye msafara uleule, mtoto kama mimi. Tulilala chini ya ngozi moja. Kiatu kikimkatikia mmoja, mwingine naye alivua chake ili twende sawa. Tulipofika hapa hatukuwa na kaburi hata moja katika ardhi hii. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini wazee wetu liliwatisha kuliko fisi. Mtu wa kuja akifa, anazikwa na nani? Mdogo wangu alipokufa mwaka wa kwanza, walipatikana wanaume watano tu wa kuchimba, na babu yako alikuwa mmoja wao. Alichimba kaburi la mwanawe mwenyewe. Kwetu baba hafanyi hivyo.

Ndipo wazee wakaanzisha chama cha kuzikana. Kanuni ilikuwa fupi: msiba ukitokea, kila mwenye boma anakuja na koleo lake. Anayekosa misiba mitatu bila sababu ya maana anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, ng'ombe wake hawanywi pamoja na wa wenzake, hakuna anayekwenda kumsaidia kulima, mpaka atoe ng'ombe wa faini, watu wale, yaishe. Usiicheke kanuni hiyo darasani. Iliwashikilia watu wengi waliokuwa na hofu. Nilipokua wakanipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wangu, huu unaousifia.

Maduhu alikuwa na mtoto wa kiume, Shija, wa miaka sita. Masika moja mtoto aliteleza kwenye mfereji wa maji ya mpunga, akapatikana kule chini kwenye geti la kuzuia maji. Tulikuja wote, mji mzima na wa jirani. Siku hiyo nilimshika Maduhu kiunoni asianguke, na nilijivunia chama chetu.

Msiba uliofuata, Maduhu alikuja na koleo lake. Udongo ulipoanza kurudishwa, alilitupa koleo chini akaondoka mbiombio bila kumuaga mtu. Tukanong'ona. Msiba wa pili hakufika kabisa. Tukamkuta na ng'ombe porini, akasema alipotelewa na mtamba, na hakuna mtamba aliyepotea. Wa tatu naye hakufika.

Huo msiba wa tatu ulikuwa wa mama yangu.

Mama yangu ndiye aliyempa Maduhu maziwa mgando kila siku tulipokuwa watoto, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Nilisimama kaburini natazama njia. Kila aliyekuja nilidhani ni yeye. Tulipomaliza kufukia na watu wakaanza kunawa mikono, kitu kikakatika ndani yangu. Sikuwa na jina lake wakati ule. Wewe labda utaletewa jina lake kwenye mhadhara wa wiki ya pili. Mimi nilikiita kanuni.

Wiki moja baadaye tulikuwa na kikao cha wanaume. Mwenyekiti aliuliza kama kuna jambo, na kila mtu alikaa kimya, kwa sababu kila mtu alimpenda Maduhu na alikuwa akitafuta namna ya kupita pembeni. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Kwake tulizika. Kwetu haziki. Hii kanuni ni ya watu wote au ya baadhi?"

Basi. Maneno hayo tu. Nilitamka "kwetu" kama mtu anayesema kwa niaba ya mji, na wala sikumtaja mama yangu. Hakuna aliyeweza kunipinga, kwa sababu nilikuwa mfiwa na tena nilikuwa katibu, na nilichosema kilikuwa kweli. Wakaguna kukubali, mmoja baada ya mwingine. Nami nikafungua daftari nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba watu wameamua.

Unajua desturi yetu. Cha kikaoni kinabaki kikaoni, na anayepelekewa habari haambiwi nani alianza. Anaambiwa "watu wameamua" tu. Wazee waliweka hivyo ili watu wasichukiane, na mara nyingi inasaidia. Siku ile ilinisaidia mimi kujificha. Kwa hiyo uliposikia utotoni kwamba watu wamemtenga baba Maduhu, ulisikia kweli, ila huyo mtu wa kwanza kati ya hao watu alikuwa anakula na wewe sahani moja.

Ilidumu karibu miezi sita. Mke wake alikuwa anachota maji wengine wakishaondoka kisimani. Siku moja ng'ombe wake watatu walipotea, akapita njiani anauliza kwa macho, maana hakuruhusiwa kutuuliza kwa mdomo. Mimi nilikuwa nimewaona. Walikuwa wameelekea kwenye mabua ya mpunga upande wa mashariki. Nilimtazama akielekea magharibi, na nikanyamaza. Hilo, mayu, haliko kwenye kanuni yoyote. Hakuna kikao kilichoniambia niwe na furaha ile niliyoisikia.

Ndipo ukaingia wewe, na miaka yako saba na sare yako ya shule iliyokuzidi.

Mama yako ni Mhehe wa Igowole, na kwao mtoto asiyesalimia watu wazima ni aibu ya ukoo mzima. Alikufundisha kumsalimia kila mtu, naye hakudhani kwamba kuna haja ya kukueleza nani si mtu. Kwa hiyo kila asubuhi ulipopita kwa Maduhu kwenda shule uliimba, "Mwangaluka, baba Maduhuuu!" Wazee wakaniita. Mwenyekiti akaniambia, "Ngassa, mtoto wako anatuharibia kazi. Katibu ndo anavunja kanuni?" Nikarudi nyumbani nimevimba.

"Kabula, usimsalimie tena baba Maduhu."

"Amekufa?"

"Nani kafa?"

"Baba Maduhu."

"Hajafa."

"Sasa mbona hasalimiwi?"

Nikakuambia ukipita pale tena nitakuchapa, na nilikuonyesha fimbo. Ulinielewa vizuri sana. Kesho yake hukupita pale. Ulizunguka, ukavuka daraja la magogo, ukapita ng'ambo ya mfereji, mbali kabisa na boma lake. Kutoka ng'ambo ukasimama ukapiga kelele mji mzima usikie: "MWANGALUKA, BABA MADUHU! NIMEKATAZWA KUPITA HUKO!"

Nilikuwa nakamua. Niliimwaga ile ndoo. Sikujua nikuchape kwa lipi, maana ulikuwa umetii. Na kutoka bomani kwake nikasikia sauti ambayo mji haukuwa umeisikia kwa miezi mingi, imekwaruza kama mlango wa bati: "Mwangaluka, mayu. Nenda shule."

Mkaendelea hivyo kila asubuhi. Halafu akaanza kuja hadi kwenye kingo ya mfereji, upande wake, mkawa mnaongea mambo yenu. Siku moja tukiwa tunakula ukasema, huku unatafuta kipande cha nyama kwenye mchuzi, "Baba Maduhu ameniambia akiona watu wanafukia udongo, anaona Shija yuko chini anamwita. Ndo maana anakimbia. Baba, ungekuwa wewe usingekimbia?"

Mama yako aliacha kutafuna. Mimi niliendelea kumega ugali kwa sababu mikono yangu haikujua kitu kingine cha kufanya.

Unaona nilivyokuwa? Mimi ninayeweza kumtambua ng'ombe anayeumwa kwa namna anavyosimama tu. Maduhu alikuwa ng'ombe mmoja aliyeacha kula, nami nikampiga kwa kosa la kutoingia zizini. Sikumwangalia macho. Na sisi tuliobaki, kundi zima lililokuwa limegeukia upande mmoja, hakuna aliyekwenda kuangalia zizini kuna nini. Kulikuwa na hofu ya zamani humo ndani, ya kufa ugenini bila wa kutuchimbia. Nimeyaelewa haya vizuri tangu uliponieleza masomo yako. Miaka yote nilijua nilikosa, lakini sikujua nilikosea wapi na wapi.

Ungefikiri nilisimama kesho yake. Sikusimama. Ilinichukua mwezi mzima, nikijiambia leo kuna chanjo ya ng'ombe, leo kuna mbolea. Mtu anayeujua ukweli na kuukalia anachoka kuliko anayelima. Mwishowe mama yako aliniuliza swali moja kitandani: "Kwani lazima kila mtu ashike koleo? Si mumpe achunge ng'ombe za wafiwa?" Nikakaa wima. Hakuna mwanamume kati yetu aliyewahi kuliwaza hilo. Siku za msiba ng'ombe wa wafiwa huwa wanashinda na njaa zizini, sote tunajua, na kila mara tulikuwa tunagombana nani aache kaburi aende nao.

Hiyo ndiyo hotuba niliyoitoa kikaoni, ya mama yako. Nilisema Maduhu arudishwe, apewe kazi ya kuchunga siku za msiba badala ya kaburi. Wakabishana hadi jua likawa la kichwani. Ng'ombe wa faini nilimtoa mimi, na watu waliona ni ukarimu. Alikuwa yule mtamba wa kahawia uliyempenda, ukalia. Tukachinja uwanjani kwetu, wote wakaja na wake na watoto, mwenyekiti akanisifu, nawe ulikuwa umekaa kwenye paja la mama yako unanitazama kama vile nimeumba ng'ombe kwa mikono yangu.

Ni macho hayo, Kabula. Nimeishi ndani ya macho hayo miaka kumi na mitatu, na nilikuwa na nafasi nzuri humo. Sikutaka kutoka.

Jumapili uliposema umechagua maisha yako kwa sababu ya siku ile, nilijua lazima nitoke. Huwezi kwenda kujifunza jinsi watu wanavyofikia kumtenga mwenzao huku mfano wako wa kwanza una ukurasa uliofichwa. Kwa hiyo leo nilipomaliza kula mchana nilikwenda kwa Maduhu kwanza, kwa sababu yeye alistahili kuusikia kabla yako. Nilimkuta anasuka kamba. Sikukaa.

"Maduhu, ile siku ya kikao. Ni mimi niliyeanza."

Hakuacha kusuka. "Mama yako ndo msiba wa mwisho niliokosa," akasema. "Wiki moja baadaye natengwa. Mimi mchungaji, Ngassa. Nyayo nazijua."

"Ulijua muda wote?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ng'ombe zako zilizopotea, niliziona."

Hapo akaacha kamba. "Hilo sikulijua," akasema.

Nikamwambia nisamehe. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani kama yale ya Uyole, yote yakanipotea, nikabaki na hilo moja. Nikageuka kutaka kuondoka. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Na mimi sijawahi kukupa pole ya mama. Amenilea kwa maziwa yake, na sikumtupia hata konzi ya udongo. Pole, Ngassa. Pole ya mama."

Miaka kumi na mitatu. Tulikaa chini wawili sisi, wazee wazima wenye mvi, tukamlilia mama yangu kama amekufa jana. Mke wake alitoka ndani akatuona akarudi ndani. Nakuambia nililia, na sioni aibu, na nilipoondoka pale nilikuwa mwepesi hadi nikataka kuosha pikipiki mara ya tatu.

Kwa hiyo sasa unalo lote. Ukurasa wenyewe wa kikao kile nimeuchana kwenye daftari la zamani na nimeuweka ndani ya barua hii. Utaona mwandiko ni uleule. Kama chuoni watakuuliza kosa lilikuwa la mtu au la watu, mimi sijui watakavyotaka ujibu. Ninachojua ni kwamba kanuni haina mkono wa kunyoosha, mkono ulionyooshwa ulikuwa wangu. Na mkono wangu peke yake usingeweza kumnyima mtu salamu mji mzima kwa miezi sita. Ndiyo maana nafurahi, nafurahi kupita kiasi, kwamba unakwenda kusoma yote mawili na hukukubali kuchagua moja. Ningepata nusu ya elimu hiyo, Maduhu asingetafuta ng'ombe wake peke yake.

Ukiniandika kwenye kazi zako za chuo, niandike. Niandike na jina kabisa, ukipenda. Ila niandike mzima, na upande wa kikao cha kwanza. Na ukinikasirikia, nikasirikie, nitangoja. Nimejifunza kutoka kwa mtu hodari wa kungoja.

Nikiwa nafunga barua hii nakusikia unarudi njiani, unamsalimia kila unayepita karibu naye, hata yule mlevi. Nitakupa kesho tukiwa tunangoja basi; mistari ya mwisho isome palepale, mengine usome njiani, ukifika Makambako uwe umeshanuna na umeshanunua mahindi ya kuchoma.

Nilipokuwa natoka kwa Maduhu aliniita kutoka nyuma. "Basi la mtoto linapita saa ngapi?" Nikamwambia saa moja. Akasema, "Kwenye kaburi siwezi kusimama. Kwenye basi nitasimama." Kwa hiyo kesho barabarani atakuwepo, na nadhani atakuwa amefika kabla yetu. Atasimama ng'ambo ile ya lami, maana ndiyo tabia yake. Ukimwona usiningoje mimi nianze. Msalimie wewe kwanza, kwa sauti ileile.

Baba yako,
Ngassa